Mama Rudia na Chupa za Maji ya Nyuma ya Reli

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, mama yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa tatu wa muuguzi na karani wa posta, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1982 akahitimu chuo cha mafundi wa maabara, ambako walimu walimkumbuka kwa maswali yasiyokwisha.

Tarehe 1 Julai 1983 aliajiriwa na idara ya afya ya jamii, kitengo cha kupima maji, na vijana aliowafundisha wakambandika jina la Mama Rudia, kwa kuwa jibu lolote likimfurahisha mno alisema, "Rudia, mwanangu, jibu tamu nalo hupimwa." Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na baba yetu, fundi seremala, wakajaliwa watoto watatu.

Mwezi Machi 1998, kipindupindu kilipotulia, alipima maji ya mtaa wa nyuma ya reli, akayaona safi, na idara ikawatangazia wakazi kwamba hakuna haja tena ya kuyachemsha, lakini baadaye, akipanga kabati, aliikuta dawa ya kuzima klorini haijafunguliwa, akajua amekosea, maana dawa hiyo hutiwa ndani ya chupa kabla ya kuchota, la sivyo klorini huendelea kuua vijidudu njiani na maji machafu hufika maabara yakionekana safi, na chupa zile alizitayarisha yeye mwenyewe, wiki ambayo kitindamimba wetu alikuwa amelazwa.

Mkurugenzi alimsihi, "Mama, tulia, turudie kimyakimya, tusije tukaonekana hatujui kazi," naye akajibu, "Bosi, kipindupindu hakitatusubiri tujipange," akaenda redioni jioni ileile, akasema kosa ni lake, watu wachemshe maji, na kipimo cha pili kikakuta vijidudu. Kwa hilo mkurugenzi alimpeleka stoo miaka minne, baba akawa anamtania mbele ya wageni kwamba mke wangu kapanda cheo, sasa analinda mifagio, naye alicheka kweli, ingawa sisi wanawe tulimsikia akilia bafuni huku kafungulia bomba.

Alirudishwa maabara mwaka 2002, akastaafu Agosti 2018, na Mei 2023 akagundulika kuwa na saratani ya tumbo, iliyomchukua asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba.

Tunawashukuru madaktari waliomwambia ukweli bila kuzunguka, kama alivyoomba, majirani waliotufulia na kutupikia, wenzake wa maabara, na mkurugenzi wake wa zamani, aliyeketi pale nyuma kabisa, ambaye miezi ya mwisho alikuja kila Alhamisi kumlisha uji kwa kijiko. Mzee wetu, mama alituagiza tukusogeze mbele, ukae na familia.

Mama, kazi umeimaliza, pumzika sasa kwa amani.