Dishon Ogola na Sahani Zilizorudi

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne katika jiko la hospitali yetu, Mzee Dishon Ogola atavua aproni yake kwa mara ya mwisho Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Kamati ya jarida iliniomba maneno mia mbili. Niliwaambia wanipe nafasi zaidi au watafute mwandishi mwingine, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea, nimepewa ukurasa mzima. Mimi ni Robinson Muriuki, msimamizi wa wauguzi katika wodi ya wanawake.

Dishon alitoka kwao Kisian mwaka 1992 akaajiriwa kuosha sufuria. Miaka minne baadaye alikuwa mpishi, na tangu 2008 amekuwa mpishi mkuu. Wapo wafanyakazi waliofika hapa kutoka Murang'a wakiapa kwamba samaki anayewaangalia hawamli, na leo ndio wa kwanza kupanga foleni siku ya omena. Nawajua vizuri kwa sababu mimi ni mmoja wao. Mafuriko yalipokata barabara kule Ahero na mchele ukakosa kufika, aliwapikia wagonjwa viazi vitamu siku tisa mfululizo, kila siku kwa namna yake. Siku ya kumi nusu ya wodi iliomba ruhusa ya kwenda nyumbani, naye alicheka mpaka akatafuta kiti.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Kazi ya mpishi huishia kwenye dirisha la jiko, lakini kila baada ya mlo Dishon alivua gambuti, akavaa sapatu, akaja wodini kukusanya sahani yeye mwenyewe. Alitaka kuona chakula chake kimepokewaje. Katika daftari la shule aliandika: kitanda cha nne ameacha nyama, kitanda cha saba anataka chumvi. Mwezi Machi 2019 nilimwandikia barua ya onyo, kwamba watu wa jikoni hawaruhusiwi wodini. Aliitia sahihi, akanishukuru kwa heshima, na kesho yake akaja tena.

Septemba mwaka huohuo tulimpokea Shiro, msichana wa kidato cha nne, ambaye amekubali nimtaje. Mama yake anauza nguo katika soko la Kibuye. Shiro alikuwa ameugua homa ya matumbo wiki tano. Homa ilipona, lakini kwa tulivyoona sisi, kila alichokula alikitapika, matapishi ya kijani kibichi. Kamera ilishushwa tumboni na haikuona kidonda. Alikuwa amefika kilo thelathini na nane. Mama Shiro alimlisha kwa kumbembeleza, kisha kwa ukali, kisha kwa machozi. Mtihani wa kitaifa ulikuwa karibu, na mimi, nikijiona mjuzi wa vijana, niliandika kwenye faili lake: anakataa chakula. Madaktari walipanga kumpasua Alhamisi ili watafute kilichoziba. Sote tulijua kwamba mwili ule hauna nguvu ya kuhimili kisu.

Jumanne, madaktari wakiwa kwenye mzunguko wa asubuhi, Dishon akaingia na daftari mkononi. Nilikuwa nafungua mdomo nimtoe nje alipomgeukia Dkt. Janice Nekoye.

"Daktari, pole kuingilia. Huyu mtoto hakatai chakula. Uji ya saa nne inakaa, kila siku. Ya mchana na ya jioni ndio inarudi. Saa nne yeye hulala kwa tumbo akisoma vitabu yake. Mchana na jioni mnamlaza chali."

Chali. Hiyo ilikuwa amri yangu. Kabla ya saa ya wageni, mchana na jioni, kila mgonjwa katika wodi yangu alilazwa chali na shuka kukazwa pande zote, ili wageni wakute vitanda vimenyooka. Nilijivunia sana mstari ule wa vitanda. Dkt. Nekoye alisoma palepale yote yaliyoandikwa daftarini kuhusu Shiro kwa siku kumi na moja, halafu akaagiza picha ya CT inayoonyesha mishipa ya damu.

Picha ilieleza kila kitu. Sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba hupita kati ya mishipa miwili: ule mkuu unaoshuka kutoka moyoni, na mwingine unaochipuka kwake kupeleka damu matumboni. Kinachoitenganisha mishipa hiyo ni mafuta kidogo, kama kijimto. Mtu akikonda ghafla, kwa ugonjwa mrefu, kuungua au upasuaji mkubwa, kijimto kinayeyuka, mshipa wa mbele unaangukia nyuma na utumbo unabanwa katikati. Wengine hubanwa baada ya kunyooshwa uti wa mgongo au kufungwa plasta mwili mzima, na wengine wamezaliwa na nafasi finyu. Shiro alikuwa amerefuka sana mwaka ule, kisha homa ikamnyang'anya kilo kumi na nne. Kulala chali kulizidisha kubanwa. Kulala kwa tumbo kulilegeza. Ni ugonjwa wa nadra, na kabla ya siku ile sikuwa nimeuona hata mara moja.

Upasuaji ukaahirishwa. Mrija mwembamba ulipitishwa hadi mbele ya pale palipobanwa, akalishwa kidogo kidogo, akalala kwa ubavu wa kushoto au kwa tumbo, shuka zikae zitakavyo. Kilo zilirudi moja moja, na kile kijimto pamoja nazo. Siku alipokunywa supu ya Dishon saa saba, na kufikia saa kumi bado ilikuwa tumboni, Mama Shiro alikaa kwenye benchi la korido akalia kwa furaha. Mimi nilikwenda stoo nikalia yangu. Sijawahi kupumua vile tangu nianze kazi hii.

Shiro hakupasuliwa. Alifanya mtihani Novemba, na sasa anamalizia shahada ya lishe. Barua ya onyo niliifuta kwa maandishi, na maneno yangu kwenye faili nikayasahihisha kwa mkono wangu. Tangu hapo mtu wa jikoni huwa nasi kila Jumanne kwenye mzunguko, na vitanda vya wodi yangu vimekaa shaghalabaghala, wageni wameshazoea.

Mzee Dishon, asante. Nilichelewa kukuelewa, na nashukuru kwamba wewe hukunisikiliza. Nenda Kisian kwa kuku wako na afya tele, na kila siku ikukute na hamu ya kula. Ijumaa saa saba wengine watapika. Wewe umeamriwa kukaa mezani. Ukimaliza usiinuke. Sahani yako nitakuja kuichukua mwenyewe, na nitaangalia umebakisha nini.