Mzee Tone na Mashua Iliyojazwa Maji Nchi Kavu

Mpendwa wetu, ambaye wengi tulimwita Mzee Tone, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 ng'ambo ya mkono huu wa bahari, mtoto wa tatu wa mpiga makasia na mshona mikeka. Alisoma hadi darasa la saba. Walimu walimkumbuka kwa jambo moja: paa la darasa lilipovuja alipanda bila kutumwa, akashuka akakuta viboko vinamngoja, na paa limezibwa.

Mwaka 1968 aliingia karakana ya kuunda bodi za mabasi. Huko alijifunza kupiga ribiti, vipini vya chuma vya kuunganishia mabati, kazi isiyofanywa na mtu mmoja: mmoja hupiga nyundo nje, mwenzake hushikilia chuma kizito ndani. Alidumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2011.

Tarehe 6 Juni 1976 alimwoa mpishi wa kantini ya karakana, mwanamke asiyeogopa kitu ila bahari.

Alipostaafu alinunua mashua ya uvuvi ya alumini, mtumba, iliyolala nyuma ya kiwanda cha barafu, kuku wakitaga ndani yake. Majirani wakaiita Sufuria. Mkewe akaapa: "Mimi na hilo sufuria lako, baba watoto? Siku lisipotoa hata tone, ndipo nitapanda." Mzee hakutafuta samaki wengi wala sifa. Alitaka kumvusha mkewe, akaone alikozaliwa yeye.

Aliiinua juu ya magogo, akaijaza maji, kisha akalala chini yake na chaki, kila tone likitokeza analizungushia duara. Wapita njia walivunjika mbavu.

"Mzee, mashua ndiyo hukaa juu ya maji, siyo maji kukaa ndani ya mashua!"

"Bora nilowe mimi hapa kuliko wewe kule," aliwajibu.

Alikosea pia, wala hakuficha. Mara ya kwanza aliziba kwa misumari ya shaba. Chumvi ya bahari ilipoingia, shaba ikaila alumini na matundu yakazidi. "Nimewaoza wasiopatana," alisema, akaing'oa yote na kuanza upya. Mvumilivu hula mbivu, lakini huyu wetu alikula mbichi kwa miaka.

Januari 2023 moyo wake ulianza kuchoka, na daktari akamkataza nyundo. Mkewe akaishika.

"Piga, mama watoto, usiibembeleze!" alifoka mzee, amekaa ndani na chuma chake.

"Nyamaza, nisije nikakupiga wewe!"

Tarehe 2 Septemba waliijaza tena. Mzee alilala chini, akangoja, akainuka na chaki yake nzima. Mkewe alivua viatu, akapanda, akakaa mbele kama waziri, wakavuka na kurudi. Furaha ya siku ile bado imejaa nyumbani.

Alifariki alfajiri ya tarehe 19 Oktoba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Aliomba azikwe ng'ambo, walikolala wazazi wake. Ndugu walipotaka kukodi boti kubwa, mjane alikataa: "Alinivusha na sufuria lake, naye atavuka nalo."

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na Sufuria.

Jana wanawe waliijaza maji kama alivyowafundisha. Mjane, na nguo zake za msiba, akalala chini yake na chaki. Aliinuka mkavu.

Pumzika kwa amani, Mzee Tone. Haivuji.