Kidole cha Pete cha Bi Vauquelin

Usinibetulie mdomo, Odile. Homa ninayo, lakini siyo inayosema. Kaa hapo kwenye kiti cha piano, na wewe Bastien achana na hilo dirisha, mnisikilize wanangu, maana shangazi yenu nimechoka na sirudii.

Mtindo wa Bi Vauquelin, huu wangu wa kupiga piano, haupo. Haukuwahi kuwapo. Miaka arobaini na mitatu hapa mjini Angers nimeandika namba za vidole kwa penseli juu ya noti za muziki za wanafunzi, nikikiruka kidole cha pete cha mkono wa kulia, nao wakanakili kama wanaonakili sala, na walimu wa Paris waliponiuliza siri yangu nikanyamaza kwa maringo. Siri yenyewe ni kwamba kidole hicho hakikunjiki. Baba yenu alikiangushia kifuniko cha piano hii hii akiwa na miaka saba, kwa kuwa nilimwambia anacheza kama anayekung'uta mazulia. Nikawaambia wazazi wetu nimeteleza kwenye barafu. Angechapwa, na mchokozi nilikuwa mimi.

Hata zile tungo zangu kumi na mbili za piano mnazozisifia, nilizitunga nikikikwepa.

“Lakini shangazi, kitabu cha Mtindo kinakwenda kwa mchapaji Jumatatu!” Najua, Odile. Najua pia kwamba tangu Pasaka unakata mkate kwa mkono wa kushoto, ukidhani sioni. Kifundo cha mkono kimekuvimba kwa kuiga kilema changu, mtoto mwenye vidole kumi vizima! Niliona nikanyamaza, kwa sababu jina langu liko kwenye jalada. Baba yenu alinivunja kidole kimoja kwa hasira ya kitoto. Mimi nimekuharibu mkono mzima nikiwa na akili zangu.

Basi, nyumba ni ya Bastien, na mvinyo ulio chini ya nyumba usiuuze kabla hujauonja. Piano ni ya Odile. Raba iko kwenye droo. Futa namba zote, mwanangu, noti uziache. Kila mkono ujitafutie njia. Na baba yenu aliye kaburini msimseme vibaya. Alikuja kila tamasha, akakaa safu ya mwisho, na hakuwahi kupiga makofi, yeye peke yake akijua ninachokikwepa...

Ngojeni... nivute pumzi.

Gari la masista wauguzi limefika kunichukua. Mikono yenu izeeke ikiwa mizima; baraka nyingine sina. Koti langu. Usinibebe, Bastien, miguu bado ninayo... pole pole.

Toeni vidole mlangoni. Naufunga mwenyewe.