Mvua Isiyoonekana Kwenye Tovuti

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hali ya Hewa wa Mkoa: karibu, na pole. Tumeliona gari lako likivutwa na trekta tangu darajani. Viatu vyako vinakaushwa jikoni. Hizo ndara ulizovaa ni za karani wetu, naye amesema usiwe na haraka ya kuzirudisha.

HISTORIA FUPI

Kituo hiki kilipofunguliwa, mpima mvua wetu hakuwa na mwavuli. Hakuwa na buti, wala koti, wala meza, wala kiti cha kuweka nyuma ya meza ambayo hakuwa nayo. Cheti cha shule hakuwa nacho mpaka alipokipata katika shule ya jioni, tayari akiwa na wajukuu wawili. Alichokuwa nacho ni kopo la kukingia mvua, rula na daftari. Kila siku saa tatu asubuhi hupima, huandika, hutia sahihi. Miaka thelathini na moja hajaruka siku, hata ile aliyomwoza binti yake, wakwe walimngoja. Tunamwita Mzee Tone, naye haitiki mpaka kwanza ajifanye hakusikia.

MAFANIKIO

Mwaka jana tulipata kompyuta, na kituo kikapewa ukurasa wake kwenye tovuti ya idara. Mzee Tone anajaza jedwali, tovuti inachora chati, makao makuu wanatazama. Tangu hapo tumepokea mvua nyingi kuliko wakati wowote katika daftari. Kambare wawili wamekamatwa ndani ya kabati la mafaili. Choo cha wanaume kimehama chenyewe, mita nne.

CHANGAMOTO

Chati haionekani. Panapotakiwa nguzo za mvua pana weupe, na jedwali lina mistari bila kitu ndani. Makao makuu waliona weupe wakasoma ukame. Tukatangazwa eneo la kiangazi kikali, na malori manne ya maji yakatumwa kutuokoa. Mawili yalizama njiani. Madereva wake tuliwaokoa sisi, kwa mtumbwi.

Kisha ikaja barua: kituo kisichopata mvua hakihitaji mpima mvua, kifungwe Ijumaa hii.

Hatukukunja mikono. Tuliufungua ukurasa upya mara zisizo na hesabu. Tulifuta kumbukumbu za kivinjari, tukajaribu kivinjari kingine, tukajaribu simu ya karani, tukajaribu simu ya shemeji yake karani. Tulipiga makao makuu, wakajibu, "Mbona huku inaonekana?" Tukauliza inaonekanaje. "Inaonekana tupu."

Wiki mbili zilizopita karani aliketi kando ya Mzee Tone amtazame anavyojaza.

"Mzee, hapa umeandika nini?"

"Milimita themanini na mbili."

"Kwa maneno?"

"Kwa maneno. Ulitaka niimbe?"

"Baba, tovuti inasoma tarakimu tu. Hayo maneno haiwezi kuyaonyesha."

"Basi na yenyewe iende shule ya jioni."

Mheshimiwa, asilaumiwe. Mwalimu wake alimfundisha kwamba tarakimu ni mlango usio na kitasa: mtu yeyote huongeza sifuri akapita. Neno haliongezwi. Kwa siku mia tatu na kumi aliilisha mashine maneno kwa uaminifu, na mashine ikayapokea bila hata kukohoa. Ingekohoa tu, angeuliza.

Alimnunia karani siku mbili. Siku ya tatu akavuta kiti. "Haya mwanangu, nionyeshe hiyo nane inabonyezwa wapi." Akabonyeza. Nguzo ya kwanza ikasimama kwenye skrini, ndefu kiasi cha kugonga dari ya ukurasa. Mlinzi alipiga makofi. Mzee Tone akaitazama kwa muda, akasema, "Imepinda."

Haikupinda.

Lakini safu za siku zilizopita zimefungwa. Wenye ufunguo ni makao makuu, nao wanasema hawawezi kukifungulia jedwali kituo kinachofungwa Ijumaa. Na kinafungwa Ijumaa kwa sababu jedwali halijafunguliwa.

MAOMBI

Kwanza, tusitumiwe tena maji.

Pili, safu hizo zifunguliwe siku moja tu. Mzee Tone amenakili siku zote mia tatu na kumi katika barua, kwa mkono wake, kwa tarakimu. Imemchukua siku nne. Kila alipofika kwenye sifuri aliweka kalamu chini, akatazama dirishani, kisha akaiandika.

HITIMISHO

Sasa tunamwomba Mzee Tone asogee aifunge barua mbele yako. Kulamba gundi hakutasaidia; hakuna bahasha iliyoshika hapa tangu tutangazwe kuwa na ukame. Ndiyo maana unamwona karani na sindano na uzi. Mzee Tone ataishona mwenyewe. Ukimaliza kuona fundo la mwisho, tunakuomba utie sahihi yako juu ya mshono, makao makuu wajue hakuna aliyeongeza sifuri njiani. Wino utachelewa kukauka, kwa hiyo tutaupuliza sote, nawe ukipenda puliza. Kisha dereva wa trekta ataitia barua kwenye mfuko wa plastiki, aondoke nayo kwenda makao makuu.

Mwenyezi Mungu akubariki, ailinde barua njiani, aizuie mvua kidogo trekta livuke daraja. Halafu airudishe, tuipime.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kituo cha Kupima Mvua