Saa Kumi na Nne za Ustaafu wa Melchior Stamatis

Baba paroko, ndugu waombolezaji, mimi ni Déo, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenipa dakika tano kuwasomea maisha ya baba yetu, yeye mwenyewe angetaka saa tatu.

Marehemu Melchior Stamatis alizaliwa tarehe 6 Januari 1951 mjini Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kule kwetu Kongo, mama yake akiwa Feza, muuza dagaa, na baba yake akiwa Mgiriki mwenye duka la chumvi, ambaye mwaka 1974 alirudi kwao na kumwachia mwanawe pua, jina na tabia ya kubishana mpaka chakula kipoe. Alisoma kwa mapadri hapo hapo Kalemie, akahitimu ualimu mwaka 1971, akafundisha jiografia kwa miaka mingi, na tarehe 21 Agosti 1982 akafunga ndoa na mama yetu, Généreuse, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Bénie na Aksanti.

Tarehe 3 Machi 2008 aliapishwa kuwa Waziri wa Uvuvi katika serikali ya mkoa wetu, na tarehe 14 mwezi huo huo, akiwa bado hajajua swichi ya taa ya ofisi iko wapi, alisikia redioni kwamba nafasi yake amepewa Mheshimiwa Libère. Baba alisema waziri haondolewi na redio, huondoka kwa makabidhiano, kwa saini mbili mbele ya shahidi, na kwa kuwa Mheshimiwa Libère alivunja kufuli akaingia bila kumngoja, baba alijihesabu bado yuko kazini, akabaki na ufunguo na muhuri.

Vita vilitupeleka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na tarehe 19 Septemba 2014 tukafika Sydney, tukakaa Seven Hills, ambako baba alipata kazi katika ghala la samaki wa kugandishwa, kila asubuhi akituaga kwamba anakwenda kukagua. Wagiriki wa hapa walimsalimu kwa Kigiriki, naye akawajibu kwa Kiswahili cha Kalemie, wakaelewana vizuri kabisa kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinailalamikia serikali. Mwaka 2019 sote tuliapa kuwa raia wa Australia, baba akakataa, akisema waziri wa Kongo hawezi kuwa raia wa nchi mbili, akakaa viti vya mbele kama mgeni rasmi.

Milima haikutani, binadamu hukutana, mwaka 2016 Mheshimiwa Libère, ambaye naye alifukuzwa baada ya miezi minne, aliletwa Sydney, akaingia parokia hii hii, na kwa miaka tisa wakakaa mmoja kulia, mwingine kushoto, ukifika wakati wa kutakiana amani kila mmoja anainama kufunga kamba za viatu.

Aliyeumia ni mama. Miaka kumi na saba alimpikia Waziri, akaitwa Madame wa Waziri hata jikoni kwake, na figo za baba ziliposhindwa mwezi Februari, alituambia hataki kumzika waziri, anataka kumzika mume wake. Akapanda treni peke yake hadi Villawood, akamwambia Mheshimiwa Libère aje apokee ofisi.

Tarehe 10 Juni walikaa hospitalini na orodha, ufunguo mmoja, muhuri mmoja, viti vinne, mapazia hakuna, hapo wakabishana dakika hamsini nani aliyachukua mapazia, na saa tisa na dakika arobaini alasiri wakatia saini, sista Rispah, muuguzi wetu kutoka Kenya, akiwa shahidi. Jioni ile baba alimtazama mama, akamwita Généreuse, akamuuliza kama amekula.

Alifariki tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na mbili kamili asubuhi, akiwa mstaafu wa saa kumi na nne na dakika ishirini, na mama ameniomba niwaambie kwamba zilimtosha.

Tunawashukuru madaktari, sista Rispah, majirani wa Seven Hills, wenzake wa ghala, na Mheshimiwa Libère, ambaye tangu asubuhi analia kutushinda sisi wafiwa, naye anaomba itangazwe kwamba hata yeye hajakabidhi, anayejua alipo mrithi wake amwone baada ya mazishi.

Pumzika kwa amani, Melchior, mama ameniagiza nisome hivyo, bila cheo.