Kufuli Thelathini na Nne za Fundi Komeo

Ndugu, jamaa na majirani, maisha tunayowasomea ni ya mzee wetu ambaye karibu nyote mlimwita Fundi Komeo, na kabla ya yote familia inapenda mjue kwamba ile sehemu ya kufuli, ambayo hamjapata kuisikia, ilitoka kwanza kinywani mwa mjane wake, alipomsimulia mkwe wake, mke wa kitinda mimba, wakiwa wawili jikoni wanachambua mchele, akamwambia aiandike kama ilivyo, asipunguze wala asipambe, kwa kuwa ndivyo marehemu alivyoagiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1948, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la magunia, ambako baba yake alikuwa mlinzi, na mama yake alizoea kusema kwamba huyu hakunyamazishwa kwa nyimbo kama watoto wa watu, alinyamazishwa kwa kutikisiwa shada la funguo.

Alianza shule ya msingi Januari 1956 akamaliza Novemba 1962, akiwa hodari wa hesabu na mzito wa kuimba, na akiwa darasa la tano mwalimu mkuu alipoteza ufunguo wa kabati la mitihani, marehemu akalifungua kwa mpini wa kijiko mbele ya walimu wote, akashukuriwa kwa kulifungua, kisha akachapwa viboko viwili kwa kujua kulifungua.

Machi 1963 alianza kujifunza kazi kwa mjomba wake, fundi kufuli, na tarehe 1 Julai 1971 alifungua kibanda chake mwenyewe, kile cha mlango wa bati kinachotazamana na bomba la maji, ambako alichonga funguo, alitengeneza vitasa na kuuza kufuli kwa miaka arobaini na mitano, bila kugombana na mteja hata mmoja, ila yule aliyemletea mlango mzima kichwani badala ya kitasa.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975 na huyu ambaye leo ni mjane, aliyefika kibandani na kaka yake wamebeba sanduku lililogoma kufunguka, na ingawa sanduku lenyewe lilikuwa la dakika mbili, marehemu alilishikilia wiki tatu, kila wakija anasema bado kidogo, mpaka yule kaka, karani wa posta, akamwuliza, "Fundi, unafungua sanduku au unamfungua dada yangu moyo?", na tangu siku hiyo shemeji hao wawili wakawa chanda na pete. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza mwaka 1977, wa pili 1981 na wa mwisho 1987, na wote wapo hapa.

Oktoba 1991 matokeo ya uchaguzi yalikataliwa, na mtaa wetu, ambao mpaka hapo milango yake ilifungwa kwa pazia tu, ukagawanyika pande mbili kama mkate, upande wa ghala na upande wa shule, ikawa bomba moja lina foleni mbili, watoto hawakai dawati moja, wanawake waliokopeshana chumvi miaka kumi wanapishana kama hawajawahi kuonana, na saa kumi jioni kila mtu lazima awe ndani. Marehemu alikuwa upande wa ghala na shemeji yake upande wa shule, wakabishana kibandani mbele ya wateja, na mwishowe karani akanunua kufuli, akaitikisa mbele ya uso wa fundi, akasema, "Kuanzia leo, shemeji, hata wewe kwangu huingii", akaondoka bila kuaga.

Wiki hiyo kila nyumba ilitaka kufuli, na katoni la kufuli thelathini na sita alilolipokea marehemu likaisha kwa siku nne, zikabaki mbili tu, moja akaifunga kwenye geti lake mwenyewe. Siku ya tano mteja aliyepoteza ufunguo alileta kufuli yake ya katoni hilo, marehemu akachukua ufunguo wa ile iliyobaki ili autumie kama kipimo, na kabla hajaanza kuchonga, kufuli ya mteja ikafunguka, akajaribu na ya getini kwake, nayo ikafunguka, ndipo alipotambua kwamba katoni zima lilifungwa vibaya kiwandani, kufuli zote zinakubali ufunguo mmoja, na kwamba watu wa pande mbili wasiosalimiana wanatembea na funguo za nyumba za wenzao mifukoni bila kujua. Alimwambia mkewe, mkewe akakaa chini, akasema, "Baba watoto, ukilisema hili leo, kila upande utasema umeuza funguo zao kwa wenzao, na sisi tutakuwa wa kwanza kuchomwa", na marehemu, aliyejivunia kazi yake kuliko kitu chochote, akanyamaza, lakini hakupata usingizi mzuri tena.

Novemba shemeji yake alikimbilia kwa wakwe zake, akaacha nyumba imefungwa na njiwa wanane uani, na marehemu hakuweza kuvumilia, kwa hiyo kila saa saba mchana, watu wakiwa wamejificha jua, alipita na punje za mahindi mfukoni, akafungua kwa ufunguo wake mwenyewe, akalisha njiwa, akafagia, akachana karatasi ya siku ile kwenye kalenda ya ukutani, akafunga, akijua kwamba akionekana anaingia nyumba ya mtu wa upande wa shule, hakuna atakayemwuliza swali la pili.

Machi 1992 karani alirudi, akakuta sakafu inang'aa, kalenda inasoma tarehe ya siku hiyohiyo, na njiwa wamekuwa kumi na tisa, tena wanene, akaenda moja kwa moja kibandani kwa mtu ambaye hakuwa amemsalimia kwa miezi mitano, akasema, "Nipe kufuli ya kweli, nyumbani kwangu anaingia mtu, analisha njiwa na kuchana kalenda." Kufuli nzito ilikuwa pale rafuni, na marehemu angeweza kuiuza na kunyamaza, lakini alisema, "Shemeji, mtu huyo ni mimi", naye alipoulizwa alipitia wapi, akajibu, "Mlangoni", kisha akamweleza yote. Karani aligeuka akaondoka, na nyumba ya marehemu ikaishi siku tatu kama inangoja hukumu, hadi siku ya nne alipokuja na njiwa wawili kapuni, akasema, "Hawa chukua, wananikataa mimi wanakutaka wewe, sasa hizo nyingine tunazibadilishaje bila kuuana?"

Ndivyo ilivyoanza ile huduma mnayoikumbuka ya kutia kufuli mafuta bure, shemeji wawili wakizunguka nyumba kwa nyumba, pande zote, karani amebeba kopo la mafuta na fundi amebeba kimeza cha kazi, wanaomba kufuli na funguo zake zote, wanarudisha nyingine inayofanana nayo, yenye ufunguo wake wa pekee, na kwa kuwa watu waliowaona wawili hao pamoja walishangaa, walitoa viti, wakatoa chai, wakaanza kuulizana habari, na kufikia Juni foleni ya bomba ilikuwa moja. Kwa hiyo tunawaomba msikimbilie milango yenu sasa hivi, kufuli zilikwisha badilishwa zote, isipokuwa moja.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo Septemba 2016, akalazwa tarehe 20 Februari 2018, wodi namba nne, na humo alimwambia mkewe na shemeji yake, "Msinizike na siri ya watu, isomeni waamue wenyewe kama nilikuwa fundi mzuri", akafariki Jumanne tarehe 6 Machi 2018, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka 69, karani amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo waliomvumilia akikagua vitasa vya makabati yao, mafundi wenzake waliofunga kazi ili wawe nasi, na majirani wa pande zote, ambao leo hatuwezi tena kukumbuka nani alikuwa upande gani, na tunawaomba radhi wote kwa niaba yake.

Jirani mmoja tunamshukuru peke yake, mama mshonaji, ambaye mwaka ule alikataa mafuta ya bure, na ambaye mjane alimwendea asubuhi iliyofuata kifo, Jumatano saa moja, kumwambia kwamba kufuli yake ndiyo iliyosalia. Mshonaji alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, mimi najua tangu Desemba ile, mvua ilinyesha nguo zenu ziko kambani na ninyi mmezuiwa mjini, nikajaribu ufunguo wangu getini kwenu nikiwa nimekata tamaa, ukakubali, nikaanua, nikakunja, nikaziweka kibarazani, nikanyamaza, maana ningeitwa mwizi." Mjane, ambaye kwa miaka ishirini na sita alimsifu mumewe kwa kukunja nguo siku ile, sifa ambayo marehemu hakuikataa hata mara moja, aliketi kwenye kiti cha cherehani, akacheka mpaka mshonaji akamshika bega, kisha wakainuka pamoja, wakaja kutandika mikeka ya waombolezaji.

Pumzika salama, Fundi, uliyotuagiza tumeyasema.