Jeneza Kwenye Banda la Gari

Asalaam alaykum, ndugu zangu. Na dada zangu mlio nyuma ya pazia, nanyi pia. Imamu ameniambia niseme kwa Kiswahili, kwa sababu leo tuko na wenzetu wa Mbuya na hawa jamaa zetu wa Congo. Kwangu Kiswahili ni cha nyumbani, babu zetu walikuja nacho pamoja na mizigo yao ya biashara. Majina sitataja. Wahusika wanajijua, na wengine hawawezi tena kunijibu.

Wengi mnaijua nyumba yangu pale Kasubi. Mkienda kuchukua jeneza mnapita kwenye geti lake jeusi. Leo nataka niwaeleze jeneza lilifikaje kwangu, na lilinifanya nini.

Ile nyumba niliijenga kwa miaka mingi. Mnajua kujenga kwetu: mwaka huu msingi, mwaka ule kuta, halafu inakaa bila paa mpaka nyasi zinaota sebuleni. Nilipoimaliza, ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliipenda kuliko mtu yeyote anayepumua. Nikirudi kutoka dukani navua viatu nje, nachukua kitambaa, napangusa marumaru ambazo hakuna aliyezikanyaga. Muadhini anaadhini alfajiri, mimi niko ukutani natafuta ufa. Mke wangu akaniambia, "Hajji, wewe umeoa nyumba. Mimi umeniweka mpangaji." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mama yangu wakati huo alikuwa Mengo, kwenye chumba kimoja cha kupanga, katika yadi yenye milango mingi. Nilimjengea chumba chake chini, chenye bomba na mfereji sakafuni, ili atawadhe bila kupanda ngazi. Nilimwahidi mbele ya watu. Lakini mama hakuwa mtu wa kuishi bila sigiri yake ya makaa. Gesi aliiogopa, na alisema matoke ya gesi yanaiva nje tu, ndani mabichi. Mimi nikifikiria moshi wa makaa kwenye ile dari nyeupe, roho inaniuma. Nikamwambia, "Mama, subiri rangi ikauke." Rangi ikakauka. Nikamwambia subiri mapazia. Mapazia yakaja. Akinipigia simu hakuuliza habari ya chumba. Aliuliza tu, "Nyumba yako haijambo?" kama anayemuulizia mgonjwa.

Basi msikiti wetu ukabomolewa ujengwe upya. Vitu vikagawanywa, mikeka kwa huyu, spika kwa yule. Jeneza la msikiti, hili tunalobebewa sote, likakosa pa kwenda. Watu wanaliogopa, hata wenye alama ya sijda kwenye paji la uso. Imamu akanijia: "Hajji, wewe una banda la gari, na gari lako liko kwa fundi. Tuwekee." Nitamkatalia imamu? Nikakubali, lakini nikawaambia watandike magazeti kwanza, miguu ya chuma isije ikakwaruza sakafu. Jeneza hilo, banange, jamani, na mimi nafikiria mikwaruzo!

Tangu siku ile geti langu likawa linagongwa kwa namna mbili. Mgeni wa kawaida anagonga na kuita. Wanaofuata jeneza hugonga kidogo, halafu kimya. Mke wangu akisikia tu ule ukimya anaweka mwiko chini. Mimi naenda kufungua, nauliza, "Nani?" Wananiambia: mzee fulani, binti wa fulani. Linatoka, linarudi. Na likirudi miguu yake ina udongo mwekundu wa makaburini. Nilikuwa naufagia upesi. Baada ya muda uko tena palepale. Ikafika nikaanza kuona kama jeneza ndilo mwenye nyumba, na mimi nimewekwa kwa muda. Nikamwambia imamu gari langu linarudi wiki hii, aliondoe. Ulikuwa uongo. Akanitazama, akasema, "Likirudi tutazungumza." Gari lilikuwa halina hata injini.

Sasa nisikilizeni hapa. Ilikuwa baada ya adhuhuri, mawingu mazito. Nilikuwa juu ya ngazi kwenye chumba cha mama, napaka rangi dari, mahali palipotoa doa. Geti likagongwa kidogo. Kimya. Nikashuka na rangi mikononi. Nikawakuta wanaume wanne, hawanitazami usoni. Nikauliza, "Nani?" Mkubwa wao akasema, "Tumetumwa tulipeleke Mengo, hajji. Kwenye yadi ile anapokaa mama yako. Tumeambiwa ni mama mzee. Jina hatukupewa."

Ndugu zangu, kabla sijalia, kabla sijasema inna lillahi, moyo wangu ulisema neno. Ulisema: basi, sigiri haitakuja. Na nikapumua. Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo!

Ilikuwa kitambo kidogo, kufumba na kufumbua. Lakini lile neno nililisikia, na Mwenyezi Mungu alilisikia. Nikajiuliza, nikifa sasa hivi na moyo huu, kule kaburini malaika watakaponiuliza nitajibu nini? Nitawaonyesha marumaru?

Nikapiga simu ya mama. Inaita tu. Nikapanda nyuma ya pikapu yao pamoja na wale wanne, nikalishika jeneza lisiruke kwenye mashimo. Mkono wangu ukaangukia kwenye pembe moja ambayo rangi yake imekwisha. Nikaelewa imekwishaje: ni mikono ya watu, mmoja baada ya mwingine, na wengi wao wamekwisha kulilalia. Mvua ikaanza. Njia nzima nilikuwa naomba awe mama wa mtu mwingine. Fikirini dua hiyo. Hata dua yangu ilikuwa chafu.

Tulipoingia yadi nikamwona mama. Amechuchumaa barazani, kanga kichwani, anapepea sigiri. Juu ya sigiri kuna sufuria kubwa la maji ya kumwoshea maiti. Aliyefariki alikuwa jirani yake wa mlango wa pili, bibi aliyekuwa akiuza mandazi. Nikaanguka pale kwenye matope nikamshika mama miguu. Akanitazama, akaiona ile rangi nyeupe mikononi mwangu, haijakauka. Akasema, "Umekuja na jeneza, mwanangu. Bila jeneza usingekuja." Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata nafuu.

Bibi yule walikuwa wanamwosha kwenye korido, katikati ya vyumba vya watu, nyuma ya mashuka waliyoyatundika. Hapakuwa na pengine. Maji yanatoka chini ya shuka, yanapita mbele ya milango, na watu wanayaruka wakienda kutafuta sanda. Mama akayatazama yale maji, akaniambia polepole, "Na mimi ni hapahapa."

Nami nina chumba chenye bomba na mfereji. Kitupu. Nakipaka rangi.

Tulimzika bibi kabla ya magharibi. Mama nikamchukua siku ileile, na godoro lake na sigiri yake. Sigiri niliibeba mwenyewe, ingali na moto, nikaiweka kwenye marumaru. Mama akasema, "Itapasua." Nikamwambia, "Ipasue." Na ikapasua kweli! Mnacheka, lakini nawaambia, iliniuma. Sikupona siku moja. Kuna siku nilisimama mlangoni natazama dari inaingia weusi, nimeuma meno, na mama ananiambia, "Toka nje utembee, moyo wako unapiga kelele." Natoka. Natembea. Narudi kula matoke yake.

Alikaa nasi mpaka mwaka jana. Wengi mlikuja kumzika. Siku ile geti halikugongwa, jeneza lilivuka ua tu. Alioshewa chumbani mwake. Maji yake yakaenda kwenye mfereji wake, na hakuna aliyeyaruka.

Namshukuru imamu, aliyeujua uongo wangu akaniachia jeneza. Nawashukuru wale wanne, kwa kutojua jina. Mke wangu namshukuru kwa kunisema bila kuchoka. Msikiti sasa umekwisha, alhamdulillahi, na jeneza lina chumba chake hapa, lakini nimeomba libaki kwangu. Na kile chumba cha chini ni chenu. Anayeishi chumba kimoja, akifiwa, asitundike mashuka kwenye korido.

Sisemi msijenge. Jengeni, Mungu awape paa. Ila msikilizeni moyo unasema nini kabla mdomo haujasema inna lillahi, kwa sababu ni huo mtakaokwenda nao.

Dari sijaipaka tena, na sitaipaka. Jeneza nimelifuta asubuhi hii, liko tupu. Kati yetu tulioketi hapa yuko litakayembeba wa kwanza. Siku mtakapogonga kidogo, mkanyamaza, geti likafunguliwa na mtu mwingine, msimwulize mimi niko wapi. Ingieni tu mlichukue.